Alama Niliyoiweka kwenye Bunduki ya Emory

Gail, zima hiyo redio, na wewe Rodney vuta kiti uketi, maana mtu akisimama mbele yangu namwona kama anayetaka kuondoka, na leo sitaki mtu aondoke kabla sijamaliza. Nisikilizeni, wanangu. Daktari amewahesabia siku, mimi najihesabia saa. Tangu asubuhi sijasema neno la bure, hata supu nimeikataa kwa kichwa, kwa sababu pumzi iliyonibakia nimeitunza kama tulivyotunza zile risasi za zamani ambazo hakuna kiwanda kinachozitengeneza tena.

Saa kumi alasiri atafika Nadine Strohecker kutoka mji wa Erie. Gail alimpigia simu juzi kwa agizo langu. Hajui anaitiwa nini, na ninyi pia hamjui. Ni binti wa marehemu rafiki yangu Emory, na kuna neno ambalo nimemnyima kwa miaka arobaini na mitano. Nataka kulisema kwa kinywa changu. Nawaambia ninyi kwanza, kwa sababu gari lake likiingia uani na mimi sina sauti, itabidi mlitamke ninyi. Tena ni neno litakalogusa jina mnaloitwa, na si haki mlisikie kwa mgeni.

Lakini mali kwanza, maana masikio ya mrithi hayafunguki mpaka yamesikia hilo. Usicheke, Rodney, hata mimi nilikuwa mrithi. Nyumba hii ni ya Gail, pamoja na jiko la mama yenu na mitungi yake yote ya kuhifadhia matunda. Msitu wa mlimani ni wako, Rodney, kata kuni unavyotaka, ila miti ya jozi iliyo juu ya chemchemi iache, kwa sababu ukiikata kindi watahama, na mlima usio na kindi ni kama kanisa lisilo na waimbaji. Mbwa aende kwa yule atakayemchagua mwenyewe.

Sasa bunduki. Kabatini zimo thelathini na moja. Wenzangu walikusanya bunduki kubwa za vita, zenye kishindo cha kuvunja vioo, mimi nikapenda hizi ndogo za kizamani, ambazo risasi zake zina baruti ya kuwashia iliyofichwa kwenye ukingo mwembamba wa kitako cha ganda. Watu walinicheka. Mama yenu aliniuliza, "Luther, mtu mzima na bunduki za kuua panya?" Lakini nilizipenda, na kila moja naijua kwa historia yake. Ile ya kuvuta mbele na nyuma ilikuwa ya wacheza maonyesho waliokwama hapa mwaka wa mafuriko. Ile fupi yenye kitako kilichopasuka ilibebwa na mwanamke mpeleka barua, aliyewapiga kindi njiani akafika nyumbani na barua zimeisha na mboga imepatikana. Gaweni thelathini kwa zamu, mmoja achague, kisha mwingine, na Gail aanze. Rodney, usimdanganye dada yako kwamba ile ya mpeleka barua haina maana. Najua unaitaka.

Ya thelathini na moja si yangu. Ile ndefu, yenye mtutu wa pembe nane na kitako cheusi cha mti wa jozi, iliyofungwa kwa kitambaa cha flaneli. Mmezoea kusikia kwamba Emory aliniachia alipokufa kwa sababu nilikuwa rafiki yake wa kweli. Ndiyo, aliniachia. Hilo la rafiki wa kweli ndilo ninalotaka kulifuta leo.

Nipe maji, Gail. Kidogo tu.

Emory alikuwa seremala, mimi nilikuwa kwenye kiwanda cha ngozi, na kwa miaka ishirini tuliwinda pamoja, tukachuna kulungu kwa pamoja, tukala pai ya tufaha ya mke wake mpaka siku alipofiwa. Watu walituita jozi ya viatu. Lakini katika jozi ya viatu kimoja huwa kinakanyaga mbele, na siku zote kilikuwa cha Emory. Mnayajua mashindano yetu ya Oktoba, mashindano ya risasi zilizokoma. Kila mtu huja na bunduki ya zamani ambayo risasi zake hazitengenezwi tena, anapewa nafasi kumi tu, na risasi ikigoma kulia inaandikwa sifuri bila kubishana, kwa sababu uzee wa risasi ni sehemu ya mchezo. Emory alishinda miaka sita mfululizo. Kila mwaka nilimpa mkono na kucheka, na kila mwaka kicheko kikawa kigumu zaidi kukitoa kifuani. Wivu, wanangu, hauji na pembe. Kwangu ulikuja na sahani ya pai mkononi.

Mwaka ule wa sabini na tisa nikamwomba aniazime bunduki yake kwa wiki moja. Nilimwambia nataka kupima kilengeo chake ili nitengeneze kama hicho. Kweli nilichotaka ni kujua anasikia nini kidoleni anapofyatua, siri iko wapi. Alisita. Bunduki ile iliguswa na watu watatu tu duniani: yeye, Nadine bintiye, ambaye alikuwa na miaka kumi na tisa na alilenga vizuri kuliko sisi sote, na mimi. Akanipa. Akasema, "Luther, hii haifyatuliwi ikiwa tupu. Wewe sihitaji kukwambia."

Hakuhitaji kuniambia kwa sababu maneno hayo yameandikwa kwenye ukuta wa klabu yetu ya shabaha kwa rangi nyeupe, na aliyeyaandika ni mimi. Mnajua kwa nini. Katika bunduki hizi pini hupiga ukingo wa risasi. Risasi isipokuwepo, pini inapiga chuma cha mtutu wenyewe, pale nyuma risasi inapoingizwa, kinabonyea, na tangu hapo risasi haikai sawasawa, mara inalia, mara inagoma. Mtoto wa miaka minane akifanya hivyo hapa kwetu ananyang'anywa bunduki mwaka mzima.

Risasi zake zilikuwa adimu, kwa hiyo nikafanya mazoezi bila risasi. Siku ya kwanza niliweka ganda tupu lipokee pigo, na kila mara nikaligeuza, kama inavyotakiwa. Siku ya pili ganda likachakaa, nikalitupa. Nikaona uvivu kutafuta jingine. Nikasema mara moja tu haitadhuru. Ndivyo nilivyosema mara moja, halafu mara ishirini, nimekaa kwenye kiti cha jikoni mchana kweupe, mama yenu akimenya tufaha. Akaniuliza, "Hicho kinacholia tak, tak, ni nini?" Nikamwambia ni dirisha.

Siku ya nne nikachukua lenzi nikatazama. Ilikuwepo. Alama ndogo kama ukucha wa mtoto mchanga. Wanangu, kuna kifaa cha kuisawazisha, kila mmoja wetu anakifahamu, na hata kama mimi sikuwa nacho, Emory alikuwa nacho kwenye boksi lake la zana, hatua mia mbili kutoka mlango huu. Ningevuka barabara nikasema, "Emory, nimefanya upumbavu." Angenitukana, angenicheka mpaka Krismasi, yangekwisha. Badala yake nikaipaka mafuta, nikaifunga flaneli, nikairudisha. Akaniuliza, "Umeitunza?" Nikamjibu, "Kama yai."

Labda haitadhuru, nilisema moyoni. Lakini moyo una chumba cha nyuma, na katika chumba kile nilitaka idhuru.

Siku ya mashindano aliongoza mpaka risasi ya tano. Ya sita ikagoma. Ya nane ikagoma. Mkono wake haukutetemeka, uso wake ndio uliosawijika. Nikashinda. Akaja akanikumbatia mbele ya watu, akasema, "Leo ni lako, mzee. Risasi zangu za bibi kizee zimenisaliti." Lile kombe lililoko klabuni, lenye jina langu, ndilo hilo. Rodney, kila Jumamosi unalifuta vumbi.

Kama yangeishia hapo ningekuwa mwizi wa kombe tu. Lakini Jumanne yake Emory akaniita karakanani. Nadine alikuwepo, amesimama karibu na mlango na unga wa mbao umemshika nywele. Emory alikuwa na lenzi mkononi. Akasema, "Nadine, umeifyatua tupu."

Akajibu, "Hapana, Baba."

"Nakuuliza mara ya pili."

"Hata ukiuliza mara ya kumi. Sikuifyatua. Naapa."

"Usiape! Kosa nitasamehe, mtoto wangu, chuma kinatengenezeka. Uongo sisamehi. Wanaoigusa bunduki hii ni watu watatu. Mimi, wewe na Luther." Kisha akanigeukia. Akaniuliza kwa upole, kama mtu anayeomba radhi kwa kuuliza. "Luther, ni wewe?"

Nilimjibu, "Emory, wewe unanijua."

Basi. Hayo tu. Sikusema hapana. Kwa miaka mingi nilijifariji kwa hilo, kwamba sikudanganya, nilisema tu kwamba ananijua. Tazameni jinsi mwoga anavyokuwa mwanasheria wa nafsi yake. Emory akaitikia kwa kichwa, akamwambia bintiye, "Umesikia?" Na Nadine akanitazama. Alikuwa hanishuku hata kidogo, wanangu, ndilo linaloniua. Alinitazama kama mtu anayezama anavyotazama aliye ukingoni.

Siku mbili baadaye alinifuata kiwandani, akasimama getini. "Mjomba Luther, mwambie. Wewe anakusikia. Mwambie mimi si mwongo."

Nikamwambia, "Mpe muda, binti yangu."

Muda! Emory alitoa kifaa chake akaisawazisha ile alama kwa robo saa, bunduki ikawa nzima kama siku ilipozaliwa. Lakini Nadine aliambiwa akubali kosa au aondoke, na hakuwa na kosa la kukubali. Mwezi wa Novemba akapanda basi la Erie mbele ya duka la misumari na mabegi mawili. Hakugusa bunduki tena maishani. Baba na binti wakakaa miaka ishirini na mitatu, kila mmoja akimngoja mwenzake aombe msamaha, na mwenye kustahili kuuomba alikuwa hapa, akikata kuni zake na kuitwa mtu mwema.

Gail? Gail, kwa nini unalia hivyo? Sema, nisikie.

Ndiyo. Ndiyo, nakumbuka kwamba mlikuwa marafiki.

Rudia. Sijasikia.

Ulimwita mwongo pale kituoni. Ulikuwa na miaka kumi na saba, ukaenda kumuaga, na badala ya kumuaga ukamwambia, "Baba yangu hawezi kusema uongo, kwa hiyo mwongo ni wewe." Ee Mungu. Hilo sikulijua. Nilidhani nimelipima shimo langu lote, kumbe lina chumba kingine chini. Mwanangu, uliyatamka wewe lakini niliyatunga mimi. Atakapokuja mwambie na hilo. Usilifiche hata siku moja zaidi. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ndefu, na kila hatua nimekanyaga mtu.

Mama yenu alijua. Basi lile lilipoondoka alirudi nyumbani akaweka kapu mezani, akaniuliza tena, "Luther, lile lilikuwa dirisha kweli?" Tangu siku ile hakuwahi kunitazama nikisali mezani. Alingoja niseme mpaka akazikwa.

Na Emory, mwaka aliokufa, nilikaa karibu na kitanda chake kama mlivyokaa ninyi. Akasema, "Nadine hajaniomba msamaha hata mara moja, Luther. Angesema neno moja tu, ningemfuata kwa miguu mpaka Erie. Chukua bunduki. Wewe hukuwahi kunidanganya." Tulikuwa wawili tu chumbani. Mlango ulikuwa wazi na maneno yalikuwa mdomoni, hapa, nayahisi mpaka leo kama mfupa wa samaki. Nikasema, "Asante, Emory." Siku ya mazishi Nadine alikaa kiti cha mwisho kanisani, na tulipotoka alinishika mkono akaniambia, "Asante kwa kumtunza baba yangu." Nami nikaitikia.

Hata mchungaji alipokuja Jumapili nilimwambia dhambi zangu ndogondogo, hasira na ulimi mchafu, na hii nikairuka kama mtu anavyoruka dimbwi.

Unasema nini, Rodney? Sema kwa sauti, usinong'oneze kuta.

"Ni alama ndogo kwenye chuma, Baba, na wote wamekufa." Si wote. Yuko mmoja barabarani sasa hivi. Najua kinachokuuma. Wewe ndiye mwenyekiti wa klabu, na Jumamosi ijayo mmepanga kuupa uwanja wa shabaha jina langu, ubao umeshachongwa, nimeuona chini ya turubai. Unajiuliza utasimamaje mbele ya wale watu. Utasimama kwa shida, mwanangu. Masikio yako yatawaka moto. Mimi nilikwepa moto wa siku moja nikachagua jivu la maisha mazima, na mla mbuzi hulipa ng'ombe, ila ng'ombe wangu alilipwa na binti wa watu. Hasira yako ni haki yako. Nikasirikie. Ukitaka usije kaburini kwangu, usije. Lakini usiniambie ni alama ndogo.

Basi shikeni haya, nguvu zinanitoka. Bunduki ya Emory apewe Nadine mikononi, si kwa barua wala kwa wakili. Akiikataa, msimlazimishe, na msiirudishe kabatini mwangu. Muulizeni ifanywe nini, na litakalosemwa naye ndilo litakalokuwa. Kombe litolewe klabuni. Ubao uchomwe, au geuzeni upande wa pili mwandike jingine, mbao ni nzuri. Na Jumamosi, kabla risasi ya kwanza haijapigwa, mmoja wenu asimame kwenye mstari aseme mbele ya wote: Nadine Strohecker hakusema uongo. Aliyefyatua ni Luther Wertz, na alijua. Semeni "alijua." Msilipunguze neno hilo. Atakayeona haya kulisema asichukue hata bunduki moja kati ya zile thelathini.

Msiniombee msamaha kwake. Sikilizeni hili vizuri. Msimwambie, "Mzee anakufa, msamehe." Kumdai mtu msamaha ni kumtuma tena kazi, na huyu tumemchosha. Mwambieni ukweli, kisha nyamazeni. Akitaka kunitukana, mpisheni karibu na kitanda.

Ninyanyue kidogo, Gail. Mto. Hapo.

Nimewalea kwa jina la mtu mwema ambaye hakuwepo, na mkawa wema wenyewe. Sijui ilikuwaje. Mungu awabariki. Awape ulimi mwepesi mnapokosa, mkikosea asubuhi mseme kabla ya mchana. Awape marafiki, na awalinde marafiki hao na ninyi wenyewe. Awape... mkono wako uko wapi? Huu hapa. Wana wenu wawajue kama mlivyo, na wawapende hivyo hivyo.

Kimya. Ni gari? Mbwa ametulia, basi ni gari la mtu asiye na ubaya.

Sina pumzi nyingi. Nikikwama, Gail, malizia wewe, ulianzie kwenye kiti cha jikoni.

Rodney? Unakwenda wapi, Rodney? Kama unatoka kwa mlango wa nyuma, sitaku...

Ah. Umeichukua. Na flaneli yake.

Nenda, mwanangu. Mfungulie. Mwambie sijalala.